Joka Anayeweza Kuruka: Mwongozo Kamili wa Kumbuni, Kumchora na Kumpima Kwenye Skrini

Anayejifunza kuchora joka huanza na pembe. Kisha meno, kisha magamba moja moja mpaka mkono uchoke, na mabawa huja mwisho, yakabandikwa mgongoni popote palipobaki nafasi. Kwa mbali mnyama huyo anatisha. Ukimsogelea unagundua hana pa kuweka misuli, shingo yake haigeuki, na hujui anakula nini.

Mwongozo huu unaanzia upande wa pili. Kila kiungo utakachompa joka wako kijibu swali moja: kinamfanyia kazi gani? Swali hilohilo tutalibeba hadi kwenye michoro ya mashabiki na hadi kwenye filamu, maana shabiki anayejua kwa nini joka fulani ana miguu miwili badala ya minne ana la kusema filamu inapotoka. Asiyejua hubaki na neno moja tu: "wamemharibu."

Hatua ya 1: Andika maisha yake kabla ya kugusa penseli

Nusu ukurasa unatosha. Anaishi wapi? Anakula nini, na anakipataje? Akilala ananing'inia, anajikunja au anajifukia? Nani anamwogopa, na yeye anamwogopa nani? Majibu yasiwe ya kishairi. Ukiandika "anaishi katika giza la milele" hujapata hata mfupa mmoja wa kuchora. Ukiandika "anaishi kwenye miamba juu ya bahari na anavua usiku", mwili mzima umeshaanza kujitokeza.

Tumchukue huyo wa miambani tumjenge pamoja. Nimempa jina Shura. Ni jike, ni mzee, na anakula samaki.

Mla samaki anahitaji mdomo mrefu na mwembamba unaopita majini bila kusukuma maji mengi, na meno membamba yanayopishana ili kitu kinachoteleza kisiponyoke. Mfano hai upo: mamba mwembamba wa mito ya India, anayeitwa gharial, ana mdomo wa aina hiyo hasa. Anayeruka juu ya bahari usiku kucha anahitaji mabawa marefu na membamba ya kuelea na upepo. Mwangalie albatrosi, ndege ambaye mabawa yake yakinyooshwa hufika mita 3.5 kutoka ncha hadi ncha, na anaweza kusafiri mbali sana bila kuyapiga. Halafu kuna jambo ambalo wachoraji wengi hawalifikirii: mla vya baharini anameza chumvi nyingi, na chumvi hiyo lazima itoke. Iguana wa baharini wa visiwa vya Galápagos huitoa kwa tezi zilizo karibu na pua. Anapiga chafya, chumvi inamrukia kichwani na kukauka ikawa ukoko mweupe.

Basi Shura ana ukoko mweupe puani. Na hapa ndipo mnyama anapogeuka mhusika. Tuseme akikasirika damu inamwenda mbio na chafya inambana. Hakuna linalomwaibisha joka mkuu wa ukoo kuliko kupiga chafya katikati ya karipio, kwa hiyo amejifunza kunyamaza mabishano yanapopamba moto. Vijana wanauona ukimya huo ni hekima. Yeye mwenyewe anajua ni pua.

Angalia tulivyofika hapo. Hatukukaa kutunga "tabia" kwenye orodha ya sifa njema na mbaya. Tumeuliza mwili unafanya nini, mwili ukatuletea aibu, na aibu ikatuletea tabia. Mpe mhusika wako kitu anachokitaka, kisha tafuta katika mwili wake kinachomzuia. Joka asiyeshindwa na chochote, mwenye kila rangi na kila uwezo, huwa anamfurahisha aliyembuni peke yake.

Hatua ya 2: Chagua ukoo wa umbo

Kuna njia kuu tatu, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni joka wa miguu minne na mabawa mawili. Ndiye yule wa bendera ya Wales. Hesabu viungo vyake: ni sita, na hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo ambaye kiasili ana viungo sita. Kwa mchoraji maana yake ni kwamba mabega yapo jozi mbili, na lazima uamue jozi ya mabawa inakaa wapi. Wengi huibandika katikati ya mgongo, mahali pasipo na mfupa wa kuibeba. Iweke nyuma kidogo tu ya mabega ya mbele, urefushe kifua, na ukijaze misuli. Msomaji hatajua umefanya nini ila ataamini.

Ya pili ni joka wa miguu miwili ambaye miguu yake ya mbele ndiyo mabawa. Katika nembo za Waingereza huyu ana jina lake la pekee, wyvern, na hahesabiwi sawa na yule wa miguu minne. Kimaumbile ndiye rahisi kuaminika, kwa kuwa popo na ndege wamejengwa hivyohivyo. Gharama yake ni mikono: hawezi kushika kitu na kuruka kwa wakati mmoja, labda kwa miguu ya nyuma au kwa mdomo.

Ya tatu ni joka mrefu wa Asia ya Mashariki, mwenye mwili wa nyoka, miguu mifupi minne, pembe za paa na sharubu, anayepaa bila mabawa. Ukimchagua huyu, mchague pamoja na maana yake. Katika mapokeo ya China anahusishwa na maji, mvua na baraka, na joka wa kucha tano alikuwa alama ya mfalme mkuu. Kumchora akilinda dhahabu pangoni na kula mabinti ni kumvika mwili wa huku na roho ya kule. Unaweza kufanya hivyo kwa makusudi, lakini usifanye kwa kutojua.

Shura ni wa njia ya pili. Anavua kwa mdomo, mikono haihitaji.

Hatua ya 3: Mabawa, na hapa usikimbie

Bawa ndicho kiungo kinachomfichua mchoraji. Kuna ramani tatu za kuazima. Ndege ana mkono uliofupishwa vidole, na eneo kubwa la bawa ni manyoya. Popo ana vidole vinne virefu vinavyotanua utando, na kidole gumba kimebaki huru. Pterosaria, wale watambaazi wa kale waliokuwa wakiruka, walitanua utando wao kwa kidole kimoja tu, cha nne, kilichorefuka kupita kiasi. Majoka wengi wa filamu ni popo. Ukitaka wako aonekane tofauti papo hapo, jaribu pterosaria.

Chora bawa la popo hivi. Weka nukta ya bega. Toa mstari mfupi na mnene kwenda nyuma, huo ni mkono wa juu, hadi kwenye kiwiko. Kutoka kiwiko toa mstari mrefu zaidi kwenda mbele, hicho ni kigasha, hadi kwenye kifundo cha mkono. Hapo kwenye kifundo ndipo bawa linapofungukia, kama mwavuli. Acha kidole gumba kifupi chenye ukucha, kisha tawanya vidole vinne vyembamba. Sasa unganisha ncha za vidole kwa mistari inayopinda kuingia ndani, kuelekea mwilini. Ukiipinda kwenda nje, utando utaonekana umevimba hata joka anapokuwa ametulia. Na utando hauishii kwapani: kwa popo unashuka ubavuni hadi kwenye mguu wa nyuma. Mstari huo mmoja, wengi huusahau, na kukosekana kwake ndiko kunakofanya mabawa yaonekane ya kuvaa.

Baada ya kulifungua, lifunge. Chora joka huyohuyo amekaa, mabawa yamekunjwa. Vidole vikikatiza mbavu au utando ukikosa pa kwenda, umegundua kasoro mapema, kabla ya kumaliza saa nyingi kwenye magamba.

Kuhusu ukubwa, kuna hesabu isiyokwepeka. Ukimkuza mnyama mara mbili kwa urefu bila kubadili umbo, eneo la bawa linaongezeka mara nne lakini uzito unaongezeka mara nane. Ndiyo maana huwezi kuchukua mjusi mwenye mabawa, ukamvuta kwenye kompyuta mpaka alingane na meli, ukategemea aonekane anaruka. Quetzalcoatlus, mmoja wa warukaji wakubwa kuliko wote tunaowajua, alikuwa na mabawa ya takriban mita 10, alisimama kwa urefu wa twiga, lakini uzito wake hukadiriwa kuwa kilo 200 hadi 250 tu. Mwili mdogo, shingo ndefu, mabawa makubwa mno. Joka wako akiwa mkubwa kuliko huyo, ni uchawi unaomrusha, na hilo halina ubaya, ila chagua: ama umpe mwili wa mrukaji, ama useme wazi kwamba katika ulimwengu wako uzito una sheria nyingine. Kinachomchosha mtazamaji ni mchoro unaokataa kuchagua.

Hatua ya 4: Uso unaosema

Mtambaazi hana midomo ya kutabasamu. Ukimlazimisha atabasamu kama binadamu, unapata katuni ya watoto, hata kama hukuikusudia. Una vyombo vingine. Macho: mboni iliyosimama wima kama ufa huonekana sana kwa wanyama wavizao walio karibu na ardhi, paka wadogo na nyoka wengi wakiwemo, mboni ya duara humfanya joka aonekane mpole au mtu mzima zaidi. Macho yakitazama mbele ni ya mwindaji, yakikaa pembeni ni ya anayejihadhari. Kuna pia mfupa wa nyusi, matundu ya pua, pembe ya shingo na kichwa, na kilemba cha ngozi ukimpa. Mjusi wa Australia mwenye ukosi wa ngozi shingoni huutanua akitishwa. Ukosi huo huo kwa joka unaweza kusimama kwa hasira, kulala kwa huzuni, na kutetemeka upande mmoja kwa uongo.

Tengeneza ukurasa wa hisia: kichwa kimoja, mara sita au nane, hisia tofauti, bila kutumia mdomo hata mara moja. Kwa Shura niliweka pua ifanye kazi. Akituliza hasira, matundu ya pua yanafumbwa mpaka yanabaki vipande viwili vyembamba, ukoko wa chumvi unapasuka pembeni, na jicho moja linajifumba nusu kwa sababu chafya imefika. Yeyote aliyewahi kubana chafya mbele za watu anaelewa bila maelezo.

Hatua ya 5: Ngozi, rangi na moto

Usichore magamba yote. Yachore mahali mwili unapopinda, pale mwanga unapokutana na kivuli, na kwenye viungo. Kwingine acha jicho la mtazamaji lijaze. Magamba yatofautiane: mapana tumboni, madogo kwenye viungo vinavyokunjika, magumu mgongoni. Picha za mamba zitakufundisha mengi kuliko michoro ya wachoraji wenzako, maana mchoraji mwenzako naye ameshapunguza na kurahisisha.

Rangi tatu zinatosha: moja ya mwili, moja ya tumbo, na moja ya kuvutia jicho, ambayo uitumie kwa uchache. Wanyama wengi wa baharini ni weusi juu na weupe chini ili wasionekane kirahisi kutoka upande wowote, na Shura amefuata kanuni hiyo. Rangi yake ya tatu ni njano iliyokolea ndani ya mdomo, inayoonekana anapoufungua tu. Ukitaka magamba yanayometameta kama mgongo wa mbawakawa, kumbuka kwamba rangi hiyo inatokana na mwanga kugonga tabaka nyembamba sana, kwa hiyo inabadilika kadiri mnyama anavyogeuka. Usiipake sawasawa mwili mzima.

Moto si lazima. Ukiutaka, upe chanzo. Kuna mbawakawa anayehifadhi kemikali kwenye kifuko ndani ya tumbo na, anaposhambuliwa, kuzisukuma hadi kwenye chumba chenye vimeng'enya vinavyozichemsha, akarusha maji ya moto yanayokaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Kifuko cha kuhifadhia, chumba cha kuchanganyia, tundu la kutolea: hiyo tayari ni ramani ya koo la joka, na inakuambia wapi paonekane pamevimba kabla ya moto kutoka.

Hatua ya 6: Kutoka rasimu hadi kazi iliyokamilika

Penseli na karatasi vinatosha kabisa. Kwa kompyuta au tableti, Krita ni programu ya bure na inatosha hata kwa kazi ya kulipwa. IbisPaint inafanya kazi vizuri kwenye simu. Procreate ni ya kununua na ni ya iPad. Programu haijawahi kumchorea mtu bega. Fungua turubai kubwa tangu mwanzo: ukitaka kuchapisha kwenye karatasi ya A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Kukuza mchoro mdogo baadaye hakurudishi kilichokosekana.

Anza na vijirasimu vidogo, vya ukubwa wa stempu, vingi, bila kujali uzuri. Vijaze weusi mtupu ndani. Ukiviangalia kama vivuli tu, je, unajua ni joka yupi na anafanya nini? Kama mabawa, mkia na shingo vimejikusanya katikati kama donge, badilisha mkao sasa hivi. Kivuli kikisomeka, mchoro umeshapona nusu.

Kisha panga leya zako, yaani tabaka za mchoro ndani ya programu: rasimu, mistari, rangi bapa, vivuli, mwanga. Zipe majina. Utajishukuru siku mtu atakapoagiza mchoro huohuo wenye usuli tofauti. Kwenye mwanga kuna raha moja ambayo majoka wenye utando wanayo na wengine hawana: weka jua nyuma ya bawa. Mwanga utapenya, utando utawaka rangi ya joto, nyekundu au chungwa, mifupa ya vidole itabaki myeusi, na mishipa midogo itaonekana. Rangi hiyo ya joto iishie kwenye utando. Ukiipeleka hadi kwenye mwili mnene, unamfanya joka awe wa karatasi.

Malizia na karatasi ya vipimo: mbele, ubavu, nyuma, mabawa wazi, mabawa yamefungwa, na umbo la binadamu pembeni kwa kulinganisha. Ukitaka wengine wamchore joka wako, hiyo ndiyo watakayoiomba kwanza.

Hatua ya 7: Kumchora joka wa mwingine

Michoro ya mashabiki ina kazi mbili zinazovutana: mtazamaji amtambue mhusika mara moja, na aone kitu ambacho hajawahi kukiona. Kwa hiyo kabla ya kuanza, taja mambo matatu ambayo ukiyaondoa mhusika hatambuliki tena. Kwa mmoja yatakuwa umbo la kichwa, kovu na rangi ya macho. Kwa mwingine ni jinsi anavyobeba mkia. Hayo matatu usiyaguse. Mengine yote, mkao, saa ya siku, umri, hali ya hewa, ni yako. Mchore akiwa mzee. Mchore akisubiri mvua ikatike. Mkao uleule wa bango la filamu umeshachorwa, na waliouchora walikuwa na bajeti.

Amua pia unachora toleo lipi, la kitabuni au la kwenye filamu, na ulitaje. Ugomvi mwingi chini ya michoro unatokana na watu wawili wanaozungumzia viumbe wawili wenye jina moja.

Wengine hupenda kubuni joka wao mwenyewe ndani ya ulimwengu wa mwandishi, hasa ule wenye makabila ya majoka, kila kabila na rangi na uwezo wake. Fuata sheria za ulimwengu huo kabla ya kuzivunja. Ukichanganya makabila mawili, usichukue kilicho bora cha kila upande. Chukua na udhaifu. Mtoto wa joka wa jangwani na joka wa barafu ana haki ya kuumwa katika hali zote mbili za hewa.

Sasa haki. Kufuatisha mchoro wa mwenzako juu kwa juu na kuutia jina lako ni wizi, hata ukibadilisha rangi. Kutazama mkao na kujifunza ni sawa. Ukiuazima waziwazi, mtaje. Wapo wachoraji wanaotoa maumbo matupu ya kutia rangi bure: soma masharti yao, maana wengi wanaruhusu kutia rangi ila hawaruhusu kuuza. Ama kuhusu mwenye kazi ya asili, Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi zimeuridhia, unampa mtunzi haki juu ya kazi zinazotokana na kazi yake. Wenye haki wengi huacha mashabiki wachore na kushirikishana bila malipo, lakini huo ni uvumilivu wao. Ukianza kuuza fulana na stika, hali inabadilika. Tafuta sera ya mwenye haki kabla ya kuchapisha, na usitumie nembo wala maandishi rasmi ya jina la filamu. Joka uliyembuni mwenyewe, kama Shura, unaweza kumuuza utakavyo.

Hatua ya 8: Filamu imetoka, useme nini

Kitabu kinapogeuzwa filamu au tamthilia, joka ndiye wa kwanza kubadilika, kwa kuwa kitabuni aliishi katika vichwa tofauti vya wasomaji na sasa anatakiwa awe na mwili mmoja. Mtazame mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu, kama mtu yeyote aliyelipa tiketi. Mara ya pili na daftari lenye safu tatu: nilichokiona na dakika yake, kilichobadilika, na mabadiliko hayo yanafanya kazi gani. Safu ya tatu ndiyo maoni yako. Mbili za kwanza ni ushahidi.

Chukua Toothless. Katika kitabu cha Cressida Cowell cha 2003, How to Train Your Dragon, ni joka mdogo wa kijani, wa kawaida kabisa, na udogo wake ndio utani wenyewe: mtoto wa mkuu wa kabila amerudi na kijijoka cha kuchekesha. Filamu ya 2010 ikamfanya mweusi, wa kutisha, mkubwa wa kupandwa, aliyepoteza sehemu ya pezi la mkia. Anayelinganisha rangi na ukubwa tu atasema hawakusoma kitabu. Lakini pezi lililokatika ndilo linalomfanya joka ashindwe kuruka bila mpandaji, na filamu nzima imekaa juu ya hilo. Kimebadilika kila kitu, na kila kilichobadilika kina kazi. Unaweza bado kumpenda yule wa kijani zaidi, mimi nampenda, ila si kwa hoja kwamba huyu mwingine ni kosa.

Linganisha na Saphira, joka jike wa Eragon. Katika kitabu cha Christopher Paolini mabawa yake ni ya utando. Filamu ya Eragon ya 2006 ikampa mabawa yenye manyoya. Uliza swali letu. Manyoya yanabadilisha mwanga, sauti ya kuruka na kivuli chake angani, lakini mwili ulibaki na magamba, na hadithi haikutumia manyoya hayo kwa lolote ninaloliona. Hapo una haki ya kulalamika, na lalamiko lako lina mguu wa kusimamia.

Smaug naye ni somo la kutazama kwa makini. Katika filamu ya kwanza ya The Hobbit, ya 2012, alionekana kwa muda mfupi akiwa na miguu ya mbele. Katika ya pili, ya 2013, ana miguu miwili na anatembea kwa mabawa yake. Ukitazama anavyotambaa juu ya dhahabu akiegemea vifundo vya mabawa, na anavyoinua bawa moja anapozungumza, utaona mabadiliko hayo yalimpa ishara za mikono bila kumpa mikono. Benedict Cumberbatch alitoa sauti na pia aliigiza kwa mwili huku miondoko yake ikinaswa, kwa hiyo unapomsifu au kumponda joka huyo, unazungumzia mwigizaji, wachoraji na mkurugenzi kwa pamoja. Tenganisha. "Sauti imembeba, uzito wa mwili haujaonekana anapotua" ni sentensi yenye manufaa kuliko kurasa tatu za matusi.

Usihukumu kwa trela. Picha nyingi za trela hazijamalizika. Na kelele za mashabiki zina gharama: trela ya filamu ya Sonic the Hedgehog, ya kalunguyeye wa bluu, ilipotoka mwaka 2019, watu walimkataa mhusika huyo kwa sauti moja, akachorwa upya, na filamu ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020. Matokeo yalipendeza. Kazi ya ziada iliwaangukia wachoraji, si walioidhinisha umbo la kwanza. Kwa hiyo lenga uamuzi, usimlenge mtu.

Ukitoa maoni kwa video, sheria inakuhusu moja kwa moja. Marekani wana kanuni ya matumizi ya haki (fair use), inayoruhusu kutumia sehemu ya kazi ya mwingine bila ruhusa, na hupimwa kwa vigezo vinne: madhumuni ya matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko lake. Mwaka 2017 mahakama ya shirikisho ya New York iliamua kwamba video moja ya kukosoa, iliyokatiza vipande vya video ya mwingine kwa maoni ya mfululizo, ilikuwa halali. Jaji alitahadharisha kwamba video za aina hii hazifanani zote, na zipo zinazokaribia kuwa utazamaji wa pamoja usio na maoni. Nchi nyingine zina sheria finyu zaidi. Njia salama ni hii: kipande kifupi, simamisha, sema jambo, endelea. Picha ya filamu iwe ndogo pembeni, uso wako au mchoro wako uwe mkubwa. Hata hivyo mfumo wa kutambua maudhui wa YouTube unaweza kuizuia video halali, kwa sababu mashine haisomi hoja. Hifadhi toleo lenye picha za kuchora mwenyewe badala ya vipande vya filamu.

Na hilo ndilo jibu ninalolipenda kuliko yote: chora. Chagua fremu moja iliyokukera, andika kwa mstari mmoja tatizo lake, kisha mchore joka huyo ukilitatua tatizo hilo peke yake, bila kuongeza pembe wala kubadilisha rangi kwa vile unapenda bluu. Ukisema joka hana uzito anapotua, onyesha magoti yakikunjika, mabawa yakipiga breki mbele ya mwili, vumbi likitoka pande zote. Mara nyingi katikati ya kazi utagundua kwa nini studio haikufanya hivyo: mabawa yaliyopanuliwa mbele yanamficha mpandaji, na tukio lile lilihitaji uso wake. Liandike na hilo.

Unapochapisha, weka onyo kama unafichua mwisho wa hadithi, na liwe kabla ya picha, si chini yake. Taja toleo, msimu au kipindi, na dakika. Tia sahihi yako mahali ambapo kuikata kutaharibu mchoro, na tunza faili lenye leya zote pamoja na tarehe zake, kwani ndilo litakalokutetea mtu akidai kazi ni yake. Akija msomaji na ushahidi kutoka sura ya kitabu uliyoisahau, rekebisha maandishi, weka tarehe ya marekebisho, na mshukuru kwa jina analotumia hapo.